Rika Lililokosa Wodi

Katika mtaa wa Fitzrovia, katikati ya London, kuna kanisa dogo la matofali lililozungukwa na majengo mapya ya ofisi na makazi. Ukiingia ndani, dari linameta dhahabu na kuta ni marumaru za kila rangi. Mpita njia asiyejua habari zake hujiuliza ni nani aliyejenga fahari yote hii uani mwa ofisi za watu. Kumbe kanisa lilikuwa tumboni mwa hospitali. Middlesex Hospital ilianzishwa mwaka 1745, ikafungwa mwishoni mwa 2005, kisha ikabomolewa. Kanisa liliachwa kwa sababu sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ililikinga.

Hospitali hiyo iliacha historia mbili za saratani, na baina yake kuna karibu miaka mia mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1792, pale Samuel Whitbread, tajiri wa kutengeneza bia, alipotoa fedha za kuanzisha wodi ya wagonjwa wa saratani. Sharti la wodi ile lilikuwa geni kwa zama zake: mgonjwa angekaa mpaka apate nafuu au mpaka afe, na hakuna ambaye angemhesabia siku. Hospitali nyingi za wakati ule zilikuwa zikiwakwepa wagonjwa wasio na dalili ya kupona, kwa kuwa waliharibu hesabu za waliotoka wakiwa wazima. Ya pili ni ya mwaka 1990. Katika hospitali hiyohiyo ilifunguliwa wodi ya kwanza nchini Uingereza iliyotengwa kwa ajili ya vijana balehe wenye saratani. Makala haya ni ya hiyo ya pili, na ya kilichochukua muda wote huo.

Katikati ya karne ya 19, London ilikuwa imeshika mtindo wa kugawa hospitali kwa magonjwa na kwa umri. Mwaka 1851 daktari William Marsden, aliyefiwa na mkewe kwa saratani, alifungua hospitali ya saratani peke yake, ambayo leo inaitwa Royal Marsden. Mwaka uliofuata, Februari 1852, daktari Charles West alifungua hospitali ya watoto katika mtaa wa Great Ormond, ikiwa na vitanda 10 tu. Charles Dickens akaipigia debe kwa kalamu na kwa mdomo mpaka ikapata fedha za kukua. Basi ndani ya miezi michache mji mmoja ukawa na nyumba ya ugonjwa na nyumba ya umri. Hakuna aliyeuliza mgonjwa wa saratani mwenye miaka 16 abishe hodi wapi.

Watu wa pwani yetu wangeweza kuwasaidia kuuliza. Kwetu rika hili lilikuwa na jina, lilikuwa na nyumba, lilikuwa na mwalimu. Mvulana alipelekwa jandoni. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwari, akapewa kungwi wa kumfunda mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyasema. Mila hizo zina yake, na mimi nina manung'uniko yangu juu ya baadhi yake. Lakini zilishika jambo ambalo waganga wa Ulaya walilipita: aliyebalehe juzi hatoshi katika kitanda cha mtoto, na cha mzee hakimfai.

Kwa miaka mingi kosa hilo halikuonekana kwa sababu saratani yenyewe haikuwa na dawa ya kumezwa wala ya kudungwa. Kulikuwa na kisu, baadaye mionzi, na basi. Mtoto mwenye saratani ya damu alikufa, kijana mwenye saratani ya damu alikufa, na mzee hali kadhalika. Ilikuwa na maana gani kuuliza wamefia wodi ipi? Mambo yalianza kubadilika Boston mwishoni mwa 1947. Sidney Farber, mtaalamu wa kuchunguza maiti aliyechoka kuwaona watoto wakati wameshakufa, aliwapa watoto 16 wenye saratani kali ya damu dawa iitwayo aminopterini. Kumi kati yao walipata nafuu kwa muda. Ugonjwa ulirudi, na Farber hakuficha kwamba ulirudi, lakini kwa mara ya kwanza ulikuwa umerudishwa nyuma.

Madaktari wa watoto waliiokota cheche ile wakaishika pamoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950 waliunda vikundi vya hospitali nyingi, wakawa wanawatibu watoto kwa mpango mmoja ulioandikwa, wanalinganisha matokeo, wanaacha kisichofaa na kuongeza kinachofaa. Kila mtoto aliyelazwa akawa mwalimu wa mtoto atakayekuja. Karne ilipoisha, watoto wanane katika kila kumi wenye saratani kali ya damu ya aina inayowapata zaidi walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wakati huohuo saratani za watu wazima zilikuwa nyingi mno na zimetawanyika mno katika hospitali nyingi. Mgonjwa alitibiwa na daktari wa karibu kwa namna daktari huyo aliyozoea.

Na kijana? Njia mbili zilimshinda fisi, na huyu hakuachiwa hata kuchagua ipi apite. Aliyetimiza miaka 15 siku ya Jumatatu angeweza kupelekwa kwa watu wazima siku ya Jumanne. Huko alilala baina ya wanaume wa miaka 70 wanaokoroma na kufa usiku, pazia likivutwa. Akirudishwa kwa watoto, miguu ilipita mwisho wa kitanda, ukutani kuna tembo waliochorwa wakipuliza mapovu, na taa zinazimwa saa 2 za usiku.

Mtu aliyeifanya dunia imtazame kijana wa namna hiyo hakuwa daktari. Terry Fox wa jimbo la British Columbia, Kanada, alikuwa mwanafunzi wa chuo na mchezaji wa mpira wa kikapu alipoambiwa mwezi Machi 1977 kwamba uvimbe uliokuwa kwenye goti lake la kulia ni saratani ya mfupa. Alikuwa na miaka 18. Saratani hiyo, osteosakoma, hupenda sana umri ule ambao mifupa inarefuka kwa haraka, na hupenda sana goti. Walimkata mguu sentimita 15 juu ya goti, kisha wakampa dawa kwa miezi 16. Aprili 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika Bahari ya Atlantiki, mjini St. John's, akaanza kukimbia kuelekea magharibi, karibu kilomita 42 kila siku, ili kuchangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373. Karibu na Thunder Bay alishikwa na kikohozi na maumivu ya kifua. Saratani ilikuwa imehamia mapafuni. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, mwezi mmoja kamili kabla ya kutimiza miaka 23.

Watu wengi wanakumbuka mbio. Mimi hukumbuka zaidi ile miezi 16 ya kliniki, kwa sababu Fox mwenyewe alieleza kwamba huko ndiko wazo lilikomjia: aliona nyuso za wenzake, wengine wakitabasamu kwa ushujaa na wengine wamekwisha kukata tamaa, akasema moyoni kwamba hawezi kutoka pale na kuwasahau. Kwa maneno mengine, ule msafara wote wa kuvuka Kanada ulianzia katika chumba cha kungojea.

Saratani ya mfupa ndiyo iliyofungua mlango London pia. Ni ugonjwa adimu, na ugonjwa adimu hutibiwa vizuri ukikusanywa mahali pamoja. Middlesex Hospital ilikuwa mojawapo ya mahali hapo. Vijana waliletwa kutoka mbali, na kwa sababu ya ugonjwa wao, wengi walikuwa wa rika moja. Robert Souhami, profesa wa saratani hospitalini hapo, na wenzake hawakuhitaji nadharia kulitambua rika hili. Lilikuwa limelala mbele yao, wodi nzima. Wakati huohuo Myrna Whiteson na mumewe Adrian, aliyekuwa daktari, walisikia kutoka kwa mama mmoja jinsi mwanawe mwenye saratani alivyokuwa hana mahali panapomfaa hospitalini. Akina Whiteson na rafiki zao walikuwa watu waliozoea kuchangisha fedha za hospitali. Waliuliza kama kuna wodi ya vijana popote nchini, wakajibiwa hakuna. Ndipo lilipozaliwa shirika la hisani la Teenage Cancer Trust, na ndipo wodi ya mwaka 1990 ilipopatikana.

Nataka nikae kidogo ndani ya wodi hizi, ile ya kwanza na zilizoifuata, maana wanaozisimulia huziruka upesi. Kulikuwa na meza ya biliadi. Kulikuwa na mashine ya kuchagua muziki, ile ya kubonyeza namba wimbo ukaanza. Kulikuwa na jiko dogo ambamo kijana, akiwa na dripu yake kwenye gongo la magurudumu, angeweza kujikaangia mayai saa 5 za usiku ikiwa ndipo tumbo limekubali chakula. Vifaa vya tiba vilifichwa kadiri ilivyowezekana. Vijana walishirikishwa kuchagua rangi na fanicha. Marafiki waliruhusiwa kuja kwa wingi na kukaa. Asubuhi hakuna aliyewaamsha alfajiri kwa sababu tu zamu ya wauguzi inabadilika. Kijana mwenye afya hulala mpaka jua liwake, na kijana mgonjwa ni kijana vilevile.

Wapo waliouliza, na bado wapo wanaouliza, kwa nini fedha za hisani ziende kwenye meza ya biliadi wakati kuna mashine za mionzi za kununua. Swali hilo si la kipuuzi. Jibu la wauguzi wa wodi hizo ni kwamba meza haikuwa ya mchezo. Kijana aliyejifungia chumbani mwake hasemi kwamba ameacha kumeza vidonge. Akiwa ameinama kupiga mpira mweupe, na muuguzi ameegemea upande wa pili akingoja zamu yake, husema. Halafu wapo wenzake. Hakuna daktari awezaye kumweleza msichana wa miaka 17 jinsi nywele zinavyotoka kwa jinsi atakavyomweleza msichana mwingine wa miaka 17 aliyepoteza zake mwezi uliopita. Uingereza nzima vijana wanaogunduliwa kuwa na saratani ni wapatao saba kwa siku. Nje ya wodi kama hii, uwezekano wa mmoja wao kukutana na mwenzake ni mdogo sana.

Fedha zilikuja kwa njia isiyotarajiwa. Miongoni mwa waliotibiwa na Adrian Whiteson alikuwa Roger Daltrey, mwimbaji wa bendi ya The Who. Mwaka 2000 Daltrey alianzisha maonyesho ya muziki katika ukumbi wa Royal Albert Hall kwa ajili ya shirika hilo, na yakawa ya kila mwaka. Hoja yake ilikuwa karibu ya kibiashara: wanamuziki wametajirishwa na vijana, basi wawarudishie. Vitengo vikaongezeka, Birmingham, Leeds, Manchester, Cardiff, Glasgow, mpaka vikafika 28.

Lakini meza ya biliadi haiui seli ya saratani. Kama hadithi ingeishia kwenye samani, ingekuwa hadithi ya ukarimu tu. Kilichoigeuza ikawa hadithi ya uhai na kifo kilitokea Ufaransa, tena kwenye karatasi.

Nchini humo saratani kali ya damu ilikuwa na mipango miwili ya matibabu katika miaka ya 1990. Mmoja uliitwa FRALLE 93, wa madaktari wa watoto. Mwingine LALA 94, wa madaktari wa watu wazima. Kijana wa miaka 15 hadi 20 aliweza kuingia wowote kati ya hiyo miwili. Ilitegemea tu daktari wa mtaani alimwandikia barua ya kwenda wapi. Kundi la Nicolas Boissel lilichukua vijana 77 walioangukia upande wa watoto na 100 walioangukia upande wa watu wazima, likaweka majedwali mawili sambamba. Ugonjwa uleule. Nchi ileile. Umri uleule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya miaka mitano, waliokuwa bado salama bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 67 kwa upande wa watoto, na asilimia 41 kwa upande wa watu wazima.

Hebu soma tena namba hizo kwa utulivu. Tofauti haikuletwa na dawa mpya. Haikuletwa na mashine. Ililetwa na bahasha.

Wamarekani walipochungulia kwao walikuta hayohayo. Wendy Stock na wenzake walilinganisha vijana 321 wa miaka 16 hadi 20 waliotibiwa kati ya 1988 na 2001. Mwanzoni matibabu yalionekana sawa: asilimia 90 ya pande zote mbili walisafishika damu. Ni baadaye, miaka ilivyopita, ndipo njia zilipoachana. Kufikia mwaka wa saba, asilimia 63 ya waliotibiwa na madaktari wa watoto hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa; kwa madaktari wa watu wazima ilikuwa asilimia 34.

Sababu zilichambuliwa kama mtu anayechambua mchele. Dawa nyingine zilikuwa zilezile lakini vipimo vilitofautiana; mpango wa watoto ulikuwa na asparajinesi nyingi zaidi, na steroidi na vinkristini zaidi, na ulianza mapema kukinga ubongo usivamiwe. Halafu kuna suala la saa. Katika data za Ufaransa, baada ya damu kusafishika, kijana wa upande wa watoto alianza duru inayofuata baada ya siku 2 hivi. Wa upande wa watu wazima, siku 7. Siku tano si nyingi kwa mtu mwenye mafua. Kwa seli za saratani zilizonusurika ni likizo.

Ni rahisi kuwalaumu madaktari wa watu wazima, na sipendi lawama hiyo. Mtu aliyezoea kuwatibu wazee wa miaka 65, ambao figo na ini zimechoka, hujifunza kupunguza dozi na kusubiri mwili upumzike. Ni huruma, na kwa mzee ni busara. Daktari wa watoto amezoea viungo vipya vinavyostahimili mengi, na wazazi wanaoleta mtoto kliniki hata kwenye mvua ya mawe. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa mgonjwa aliyemzoea. Kijana hakuwa mgonjwa aliyezoeleka na yeyote. Tena kijana huyo mara nyingi ameanza kazi, amehama kwao, anakuja kliniki peke yake au haji; ana mtihani, ana mchumba, ana kodi ya chumba. Vidonge vinavyomezwa nyumbani kwa miaka miwili si vya mama tena kuvihesabu.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa ya unyenyekevu: madaktari wa watu wazima Marekani walikubali kuazima mpango wa watoto, karibu neno kwa neno, wakawapa wagonjwa wao wa miaka 17 hadi 39. Jaribio hilo, lililojulikana kwa namba 10403, liliandikisha wagonjwa kuanzia 2007 hadi 2012, na matokeo ya watu 295 yalichapishwa 2019. Asilimia 73 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, zaidi ya ilivyokuwa kwa mipango ya zamani ya watu wazima. Miili mikubwa ilistahimili, ingawa wanene walipata taabu zaidi ya ini.

Huku nyuma Archie Bleyer, daktari wa watoto wa Marekani, alikuwa akipiga kelele juu ya jambo pana zaidi. Alipanga takwimu za nchi kwa umri, akaonyesha kwamba tangu 1975 watoto walikuwa wamepiga hatua, wazee wamepiga hatua, na vijana wa katikati wamebaki karibu palepale. Walikuwa hawaingizwi katika majaribio ya tiba. Walichelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayedhani kijana anayelalamika mgongo ana saratani. Na wengi hawakuwa na bima, kwa kuwa umri wa kutoka katika bima ya mzazi ni umri wa kuwa na kazi isiyo na bima. Mwaka 2006 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ikishirikiana na taasisi ya mwendesha baiskeli Lance Armstrong, ambaye mwenyewe aliugua akiwa na miaka 25, ilitoa ripoti iliyolipa rika hili mipaka: miaka 15 hadi 39, watu wapatao 70,000 waliokuwa wakigunduliwa kila mwaka nchini humo. Jina la Armstrong liliporomoka mwaka 2012 kwa habari za dawa za kuongeza nguvu. Ripoti haikuporomoka naye. Na sheria ya afya ya mwaka 2010 ikaruhusu watoto kubaki katika bima ya wazazi mpaka watimize miaka 26, jambo ambalo kwa wagonjwa hawa lilikuwa na uzito wa dawa.

Waingereza walitunga kanuni kwa namna yao, kwa waraka. Agosti 2005 taasisi yao ya kutoa miongozo ya tiba, NICE, iliagiza kwamba kila mgonjwa wa saratani aliye chini ya miaka 19 apelekwe katika kituo kikuu kilichoteuliwa, na walio kati ya 19 na 24 wapewe nafasi ya kutibiwa mahali panapofaa umri wao, wakitaka. Kilichoanza kama hisani ya familia moja na rafiki zao kikawa, miaka 15 baadaye, haki iliyoandikwa.

Pana swali moja ambalo wodi hizi zililazimika kuliuliza kabla hazijawa na lugha ya kuliuliza: watoto utawataka? Dawa zinazoua saratani huweza kuua uzazi pia. Kwa mtoto wa miaka mitano swali ni la wazazi. Kwa mwanamke wa miaka 45 huenda limekwisha jibiwa. Kwa mvulana wa miaka 16 ni la leo, kabla dripu haijafunguliwa, na mama yake ameketi palepale kitini. Mbegu za kiume zilizogandishwa zilikwisha kuleta mimba tangu 1953, kwa hiyo kikwazo hakikuwa ufundi. Kikwazo kilikuwa haya. Wauguzi wa vijana walijifunza kumtoa mama nje kwa kisingizio cha chai, wakaongea na mvulana kwa maneno ya kawaida, wakampa kikopo na chumba chenye kufuli. Kungwi angewaelewa.

Kwa wasichana ufundi wenyewe ulichelewa. Mwaka 1997 mwanamke wa Ubelgiji aliyekuwa na saratani ya Hodgkin alikatwa kipande cha ovari kabla ya matibabu, kikagandishwa. Baada ya kupona alirudishiwa kipande hicho, na Septemba 2004, mjini Brussels, akajifungua mtoto wa kike. Kundi la Jacques Donnez lililomtibu lilikuwa la kwanza duniani kufanikisha uzazi wa namna hiyo.

Uingereza yenyewe iliifahamu habari hii yote kwa sura ya mtu mmoja. Stephen Sutton wa Burntwood, Staffordshire, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 15, ugonjwa ambao watu huutarajia kwa babu zake. Alipoambiwa kwamba hauponyeki, aliandika mtandaoni, mwezi Januari 2013, orodha ya mambo 46 anayotaka kuyafanya. Mojawapo lilikuwa kuchangia Teenage Cancer Trust pauni 10,000. Aprili 2014, akidhani ndiyo siku yake ya mwisho, aliweka picha akiwa kitandani ameinua kidole gumba. Picha ikaenea kama moto wa nyika. Alipofariki tarehe 14 Mei, akiwa na miaka 19, michango ilikuwa imepita pauni milioni 3, na baadaye ikavuka milioni 5.

Baada ya michango yote hiyo ilikuwa haki kuuliza kama vituo vinafanya kazi. Utafiti ulioitwa BRIGHTLIGHT uliandikisha zaidi ya vijana 1,000 wa England wenye miaka 13 hadi 24 ukawafuata kwa miaka kadhaa. Majibu yake hayakumpa yeyote sherehe kamili. Waliotibiwa katika vituo vya vijana mwanzo hadi mwisho walikuwa wagonjwa zaidi tangu awali, na hali yao ya maisha ilipanda kwa kasi zaidi kuliko ya wengine. Lakini urefu wa maisha haukutofautiana kwa namna ya kuonekana. Wapo walionyong'onyea. Mimi naona utafiti ulisema kweli: kilichoongeza miaka kwa kijana wa saratani ya damu kule Ufaransa kilikuwa mpango wa dawa. Wodi ilifanya kazi nyingine. Kazi hizo mbili zilichanganywa kwa muda mrefu kwa sababu zote zilipigania kijana yuleyule.

Middlesex ilipofungwa, vijana wake walihamishiwa hospitali mpya ya University College, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Fitzrovia, na mwaka 2012 kituo cha saratani cha hospitali hiyo kikafunguliwa kikiwa na sehemu yao. Huko ndiko kulikoanzishwa jambo ambalo Whitbread na wodi yake ya 1792 wasingelielewa. Kijana ambaye zamani angelala kitandani siku tano akitiririshiwa dawa hupewa mkoba wa mgongoni wenye pampu ndogo na mfuko wa dawa ndani yake, mrija ukipita chini ya fulana hadi kifuani. Asubuhi huja kupimwa damu. Usiku hulala na mzazi au rafiki katika nyumba ya wageni ya hospitali, jirani tu. Katikati ya hapo yuko huru: huenda kutazama filamu, hula chipsi akiweza, hupanda basi. Anayekaa naye kiti kimoja husikia mlio mdogo kutoka kwenye mkoba, kila baada ya muda, akadhani ni simu.

Akitimiza miaka 25, pampu ni ileile, ila barua yake huandikiwa mlango mwingine.